Chumba kwa Mjomba

Ibra, Oman, 14 Aprili 2025

Ndugu yangu Yaarub,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako, ambaye ni mzima isipokuwa goti, na goti nimeshalizoea. Natumai barua hii itakukuta nawe mzima na baridi ya huko imeanza kukuonea huruma. Idi tumeila salama. Ulipiga simu siku ya pili, na siku ya pili hata halwa imeshakauka, lakini nimekusamehe kwa kuwa wengine hawakupiga kabisa.

Utaniuliza kwa nini naandika kwa mkono na dunia imejaa simu. Simu yangu ni ya nyumba nzima. Kila mwisho wa wiki wajukuu wakija kutoka Nizwa, ukinitumia sauti Wasan anaifungua kabla yangu, kisha anakwenda kuitangaza kwa wageni. Baba alitufundisha kuandika barua, nami leo nina jambo la kuandikwa.

Mwanangu Raghad amepata! Serikali inampeleka kusoma shahada ya pili, mwaka mzima, na chuo chenyewe kiko hapo hapo Sheffield kwako. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaozwa. Anaondoka Septemba na watoto wake wote wawili, Ghaith wa miaka minane na huyo Wasan wangu wa mitano. Mumewe Asaad anabaki Sur kazini. Nisikufiche, Asaad mwanzo aligoma. Mke wangu na watoto ugenini peke yao, alisema, haiwezekani. Nikamwambia, "Peke yao vipi, na mjomba wake yupo?" Mjomba ni mahram, hawezi kumwoa, ni baba wa pili, Asaad atapinga nini? Mwishowe akakubali.

Kwa hiyo watakaa kwako. Chuo kilikuwa kimewapa nyumba ndogo ya familia, nimemwambia Raghad airudishe. Sisi toka Unguja, mahali penye ndugu hatupangi. Waandalie kile chumba cha mbele chenye dirisha kubwa ulichonionyesha kwenye picha.

Mimi dada yako,
Ghaniya


Sheffield, 11 Mei 2025

Da Ghaniya,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Pole na goti. Hapa miti imeanza kutoa majani na watu wanatembea bila makoti kama waliofunguliwa.

Mpe Raghad hongera zangu nyingi. Nilijua tangu akiwa mdogo kwamba huyu atasoma.

Kuhusu nyumba, naona ni vyema asiirudishe ile ya chuo. Kwangu kuna unyevu ukutani na fundi hajapatikana. Halafu natoka kazini saa zisizoeleweka, watoto hawatapata usingizi. Kama ameshairudisha, aiombe tena mapema. Mimi nitawasaidia kwa kila kitu kingine, kuwapokea, kuwaonyesha skuli, chochote.

Usinifikirie vibaya. Salamu kwa wote.

Ndugu yako,
Yaarub


Ibra, 1 Juni 2025

Yaarub,

Marahaba. Sisi wazima. Asali unayoipenda imekuja kutoka milimani Dima wa Tayyin lakini sikutumii, nimekasirika.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika "karibuni". Sikupaona. Unyevu! Mimi nimekulia Unguja, masika nguo zinaota ukungu kabatini, tukazivaa tukaenda skuli, na sijafa. Fundi hajapatikana? Nchi nzima ya Waingereza haina mtu wa kupaka chokaa?

Ile nyumba ya chuo imeshapewa watu wengine. Raghad aliirudisha siku ile ile kwa kuwa mama yake alimwambia. Asaad ameruhusu safari kwa jina lako, si kwa jingine. Mama yake Asaad ameshaniuliza sokoni, Jumatano, mbele ya wanawake wote wa Ibra, mbona mjomba hajampigia Raghad kumkaribisha. Nikamjibu mjomba ana shughuli. Nikaona aibu kama mtu aliyeshikwa na kuku wa wenyewe.

Umebadilika, Yaarub. Tangu mkeo Buthaina akuache arudi kwao Maskati, ukaniambia baridi imemshinda, hujatia mguu hapa. Ukabadilisha kazi, hukusema kwa nini. Kila nikiuliza, shughuli. Kama una mwanamke ndani, sema tukuozeshe, hatutakula nyama yako. Kama ni maradhi, sema, mimi ndiye niliyekuogesha mama alipofariki, hakuna cha kunificha. Lakini usiniletee habari ya ukuta.

Nijibu sawasawa. Masomo ya Raghad yako mkononi mwako.

Ghaniya


Sheffield, 20 Juni 2025

Da Ghaniya,

Shikamoo. Sitakuuliza hali leo. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Sina mwanamke ndani wala si mgonjwa. Ukuta ni mkavu.

Mwaka 2022 nilimdhalilisha mwanamke. Alikuwa mwenzangu kazini, mtu mzima, akiniamini. Tulikuwa wageni nyumbani kwa rafiki, usingizi ukamchukua kwenye kochi, nami nikamshika mwili bila ridhaa yake. Akaamka, akalia. Sikuwa nimelewa na sitamsingizia shetani. Nilifanya mimi. Kisha nikafanya baya la pili, nikakana. Kwa kukana kwangu ikabidi asimame mahakamani aeleze mbele ya watu asiowajua, na wakili wangu akimhoji kama mwongo. Wakamwamini yeye, na walikuwa sawa.

Nilihukumiwa kifungo cha miezi sita kikaahirishwa, kwa hiyo jela sikuingia. Lakini sheria ya hapa humwandikisha polisi mtu mwenye kosa kama langu. Nilipewa siku tatu nijipeleke kituoni mwenyewe. Wakachukua jina, anwani, pasipoti, hata kadi za benki. Kila mwaka narudi kuthibitisha. Nikihama, natoa habari ndani ya siku tatu. Nikitaka kusafiri nje, niwaarifu siku saba kabla, niseme nakwenda wapi na nitalala kwa nani. Ndiyo sababu sikuja. Mwaka jana nilifika mpaka mlangoni pa kituo nitoe habari ya safari, nikashindwa kulitaja jina lako mle ndani. Nikarudi.

Nitakuwa kwenye daftari hilo la polisi miaka saba. Na lina sharti jingine. Nikikaa nyumba moja na mtoto wa chini ya miaka kumi na minane kwa saa kumi na mbili au zaidi, lazima niseme ni nyumba gani, na watafuatilia. Haijalishi kwamba niliyemkosea ni mtu mzima. Nisiposema ni kosa jipya, na safari hii ni jela. Afisa huja kunikagua bila kuniarifu, anabisha hodi tu. Fikiria Ghaith amfungulie mlango.

Buthaina hakushindwa na baridi. Aliondoka baada ya hukumu, na mpaka leo hajamwambia mtu. Kazi nilifukuzwa. Sasa napanga masanduku kwenye ghala.

Raghad lazima ajue. Mwambie wewe au nimwambie mimi. Naogopa, Da Ghaniya. Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa akiniona kama zamani.

Yaarub


Ibra, 24 Julai 2025

Ndugu yangu Yaarub,

Marahaba. Joto limekuja kweli kweli. Tende za mabsali zimeiva vizuri mwaka huu, tumezichemsha siku nne, moshi umeingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Maji ya mfereji wa falaji yamepungua lakini yanatosha. Wasan amejifunza kuhesabu Kiingereza mpaka ishirini, ila kumi na saba anairuka na ukimkosoa ananuna. Raghad amekuja wiki mbili mfululizo, nimemsaidia kufunga masanduku. Amewanunulia watoto makoti makubwa, Ghaith akalivaa lake hapa uani katika jua hili tukacheka.

Uliloandika nimelisoma. Sitalirudia, kalamu yangu haijazoea maneno yale. Barua nimeitia kwenye moto wa mabsali.

Sasa nisikilize. Raghad asijue. Akijua yeye Asaad atajua, na Asaad akijua safari imekufa. Mwanangu amesubiri nafasi hii miaka sita. Waje, walale, nawe nyamaza. Polisi wa Sheffield watajuaje nani amelala chumba cha mbele? Watu wa kwetu hatupeleki habari za nyumbani kituoni. Mungu mwenyewe husitiri waja wake, sembuse sisi. Wewe hukumgusa mtoto. Nimekulea, nakujua. Huyo afisa akibisha hodi, watoto waingie chumbani wanyamaze mpaka aondoke.

Mwaka mmoja tu. Utapita.

Dada yako,
Ghaniya


Sheffield, 9 Agosti 2025

Da Ghaniya,

Shikamoo. Nimefurahi kwa habari ya mabsali.

Nimefika pale uliposema watoto waingie chumbani wanyamaze, nikaumia kuliko siku ya hukumu. Watoto wa Raghad wafundishwe kujificha na kunyamaza kwa ajili ya mwanamume mzima, ndani ya nyumba ya mjomba wa mama yao? Hapana, dada yangu. Sheria hii nimeichukia siku nyingi, inanifanya nidhani ni wao kila mlango unapogongwa. Lakini hapo siwezi kuilaumu. Mzazi anayemlaza mtoto wake mahali ana haki ya kujua ni mahali gani.

Unasema unanijua. Yule mwanamke naye alidhani ananijua.

Nimempigia Raghad leo mchana. Nimemwambia yote, kama nilivyokuandikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakupiga kelele. Akaniuliza neno moja tu, "Mama anajua?" Nikamjibu ndiyo. Nilishindwa kusema uwongo mwingine. Akakata simu.

Nisamehe kwa hilo, kama mengine huwezi.

Yaarub


Ibra, 3 Oktoba 2025

Ndugu yangu Yaarub,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa kuwa sikutaka kujibu. Goti lile lile. Jua limepungua ukali, asubuhi mtu anaweza kukaa barazani.

Siku uliyompigia, Raghad aliendesha gari kutoka Nizwa akafika hapa kabla ya magharibi. Wasan alikuwa naye. Nikamtilia kahawa, hakuketi. Akaniuliza, "Mama, umejua tangu lini?" Nikamwambia tangu kabla ya mabsali. Akasema, "Na masanduku ukanisaidia kufunga." Nilikuwa na majibu mengi, Yaarub. Ya stara, ya heshima ya ukoo, ya masomo yake. Sikutoa hata moja, kwa sababu alikuwa amemshika Wasan mkono kwa nguvu, vile anavyoshikwa mtoto barabarani penye magari, na hapa palikuwa nyumbani kwangu. Alisimama mpaka kahawa ikapoa, kisha wakaondoka.

Yeye mwenyewe akamwambia Asaad. Nilidhani safari imekwisha. Baada ya siku mbili Asaad akaomba likizo ndefu isiyo na mshahara, akaenda nao. Mimi sikumtegemea hivyo, nilimwona mtu mkaidi tu. Wamepanga vyumba viwili mbali na chuo, bei yake usiulize. Utakuwa umeshawaona. Raghad kaniambia masharti yake. Utakwenda kwao mchana, Asaad akiwepo, na watoto hawaji kwako. Yashike hayo kama unavyozishika siku zako saba za polisi.

Kwa wengine huku nimesema una mpangaji na hukutaka kumtoa. Basi kwa mama yake Asaad na soko zima la Jumatano wewe sasa ni bahili aliyewanyima chumba damu yake. Wanakusema mpaka wanasahau bei ya vitunguu. Uwachukulie. Stara hiyo haimdhuru mtoto wa mtu, ndiyo maana nimeikubali.

Raghad ananipigia Ijumaa. Ananiuliza dawa, ananiuliza goti, kisha anasema ana kazi. Zamani tulikuwa tukizungumza mpaka simu inapata moto. Naona uchungu, sina pa kuupeleka, nauleta kwako.

Sasa nikuambie nililoliruka kwenye barua ile nyingine. Nilipoisoma habari yako nilikulilia wewe. Nilihesabu kazi yako, mkeo, jina lako. Yule mwanamke sikumkumbuka hata mara moja. Nilimkumbuka siku Raghad aliposimama mlangoni. Labda naye siku ile alirudi kwa mama au kwa dada, akasimama vile vile, akashindwa kuketi. Ulimdhulumu, Yaarub. Kosa lako ni kubwa, na nimekasirika nawe sana, na nakupenda, na yote mawili yananinyima usingizi.

Desemba nakuja, Mungu akipenda. Mchana nitakuwa kwa wajukuu, usiku nitalala kwako. Nina miaka sitini na minane, kawaulize polisi kama nami ni wa kuandikwa. Kama ni wa kuandikwa, waandike jina langu zima, na la baba, na la babu. Usione haya kulitaja, mimi sioni.

Sitakuja kukusamehe, msamaha wa jambo lile si wangu kuutoa. Lakini nataka jina la yule mwanamke. Sina haja ya kumtafuta. Nataka kumwombea dua, na naona vibaya kumwombea mtu nisiyemjua hata jina.

Dada yako,
Ghaniya


Sheffield, 27 Oktoba 2025

Da Ghaniya,

Shikamoo. Barua yako imefika salama. Hapa giza linaingia mapema sasa na majani yote yameanguka.

Kwa Raghad nimekwenda mara tatu. Asaad hazungumzi nami sana, lakini mara ya pili alinitilia chai yeye mwenyewe. Ghaith ana rafiki Msomali skuli na wanacheza mpira mvuani. Juzi aliniuliza mbele ya watu wote kwa nini hawaji kulala kwangu. Raghad akamjibu, "Kwa sababu mama amesema." Akaendelea kumenya viazi. Nilimshukuru kimoyomoyo, maana hakudanganya na hakunitangaza.

Muda wako na Raghad utarudi. Wiki iliyopita alikuwa akipika wali wa nazi, akaonja, akasema haujawa kama wa mama. Alisema kwa hasira, lakini alisema.

Afisa nimemuuliza. Mgeni mtu mzima haandikwi, unaweza kulala kwangu unavyotaka. Nilimwambia hata hivyo kwamba dada yangu anakuja, nikakutaja jina lako zima, na la baba, na la babu. Hakuliandika popote. Alishangaa tu kuniona mzee mzima nalia.

Jina la yule mwanamke sikupi, dada yangu. Langu limo kwenye daftari, lake sheria imelificha, gazeti haliruhusiwi kulitaja maisha yake yote. Nilishachukua kwake kitu asichonipa. Na jina lake pia sitalichukua nilipeleke Ibra, hata kwa dua.

Mwombee hivyo hivyo. Mungu anamjua.

Ndugu yako,
Yaarub